Mlimani Itika, Ziwani Nyamaza

Siku hiyo mabomba ya mji yalikohoa tangu asubuhi. Ukifungua, yanatema matone mawili ya kutu, yanavuta pumzi, kisha kimya. Ilipofika alasiri, simu ya Fundi ilikuwa imelia mpaka ikapata joto mfukoni. Mkuu wa idara ya maji alipiga. Mwenye hoteli alipiga. Hata yule jirani anayeiba maji kwa mpira alipiga kulalamika, na yeye ndiye aliyefoka kuliko wote.

Fundi hakuhitaji kuambiwa tatizo liko wapi. Mvua ilikuwa imesukuma majani ya mlima mzima mpaka kwenye chanzo cha maji, na chujio lilikuwa limeziba. Dawa yake ni moja tu: mtu apande, atumbukize mikono kwenye maji ya baridi, ayatoe. Kwa utaratibu wa idara hiyo ni kazi ya watu wawili. Lakini mwenzake, waliyemwita Mnene kwa sababu alikuwa mwembamba kama fito, alikuwa ameng'olewa jino asubuhi ile, na shavu lilivimba kiasi kwamba kwa mara ya kwanza jina lilianza kumkaa.

"Nakuja," Mnene alisema kwenye simu, sauti ikipenya kwenye pamba.

"Lala wewe. Nitakwenda na kurudi kabla hujageukia ubavu wa pili."

"Peke yako?"

"Majani hayaumi, bwana."

Mke wake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na kutoka hapo aliuona mlima wote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumdanganya juu ya hali ya hewa. Alikata uzi kwa meno, akatazama juu.

"Kuna ukungu kule. Subiri kesho."

"Kesho mji mzima utakuja kuoga hapa kwako."

"Waje. Nitawauzia sabuni." Alisema hivyo, lakini alikuwa ameshasimama kumtafutia koti.

Binti yao mdogo alikuwa anamngoja getini. Walimpata wakati watu walikuwa wameshachoka kuwauliza na wenyewe wameshachoka kujibu, na tangu ulimi wake ulipofunguka haukupumzika tena, ndiyo maana wakamwita Kasuku. Mwaka huo alikuwa ameanza shule. Mwalimu alikuwa amekwisha kumhamisha kiti mara kadhaa, lakini popote alipowekwa alipata wa kuongea naye.

"Baba, utaniita?"

"Nitakuita."

"Pale pale konani?"

"Pale pale."

Huo ulikuwa mchezo wao, na ulitokana na kazi. Ukungu wa mlima ule si wa mchezo. Ukishuka, unaweza kunyoosha mkono usiuone, na kuna magenge pande zote. Basi watu wa maji wana desturi yao: anayepotea huita, "Oooi!" Na yeyote anayesikia, hata kama wamegombana jana yake, ni lazima aitike, "Nipo!" Asimame alipo, aendelee kuitika mpaka wakutane. Mtu aliyesikia akanyamaza, watu wa maji hawamsalimii tena.

Kasuku aliupenda mno mchezo huo. Kila jioni Fundi aliposimama kwenye kona ya njia, chini ya nyumba, na kuita, "Oooi!", kule juu sauti nyembamba ilijibu, "Nipo!", na mtoto huyo akashuka mbio hata viatu hajatafuta.

Lakini desturi ile ilikuwa na nusu ya pili, na hiyo Fundi hakumfundisha. Aliona mtoto mdogo hana haja ya kutishwa na mambo ya wazee. Nusu hiyo aliipata kwa mzee aliyemfundisha kazi, ambaye sasa ni marehemu.

"Mlimani itika," mzee yule alimwambia. "Ziwani nyamaza."

"Kwa nini?"

"Mlimani anayeita amepotea. Ziwani anayeita hajapotea."

Fundi alicheka kidogo wakati ule, kama vijana wanavyocheka, ila desturi aliishika. Hata mpaka ulijulikana: jiwe kubwa lililopakwa rangi nyeupe, mahali bomba la chanzo linaposhuka kukutana na njia ya ziwani. Ukilipita jiwe, funga mdomo mpaka mjini.

*

Alipanda kwa mgongo wa mlima, njia fupi. Majani marefu yalimlowanisha magoti. Alipofika kwenye chanzo jua lilikuwa limeshajificha upande wa pili, na kazi ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Chujio lilikuwa limejaa majani, matope na manyoya ya ndege. Alilala kifudifudi juu ya zege, mikono ndani ya maji mpaka kwenye kwapa, akachota, akatupa, akachota tena, huku akimtukana mwizi wa mpira kwa kila konzi. Hatimaye bomba lilimeza. Aliyaona maji ya tangi la chanzo yakianza kushuka, akasikia maji yakikimbia chini ya ardhi kuelekea mjini. Akainuka, akajipangusa, akageuka.

Mgongo wa mlima haukuwepo.

Ukungu ulikuwa umekuja nyuma yake wakati ameinama. Njia aliyopandia, magenge, mawe, vyote vilikuwa vimefutika. Hakukuwa na upepo. Kulikuwa na ule weupe tu, na pumzi yake mwenyewe.

Hakuogopa. Watu wa maji wana dawa ya hilo pia: ukungu ukifunga, acha macho, fuata bomba. Bomba limelala juu ya ardhi sehemu kubwa ya mteremko, na mtu akiweka mguu mmoja kando yake, akilisikia kwa kiatu, litamfikisha kwenye jiwe jeupe, halafu ziwani, halafu kwenye kituo cha pampu, halafu nyumbani. Njia ndefu, lakini haina genge.

Basi akaweka mguu. Akaanza kushuka.

Na hapa ndipo alipokosea. Mwezi uliotangulia sehemu ya mteremko ilikuwa imeporomoka, na idara ikahamisha bomba. Mabomba mapya yalikata moja kwa moja kushuka na kutokea kwenye njia ya ziwani mbali kupita jiwe jeupe. Jiwe lilibaki upande wa juu, peke yake, halina kazi. Fundi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, maana viungo vile alivikaza kwa spana yake mwenyewe. Lakini akili ilikuwa mjini, kwa mtoto anayengoja, na miguu ina kumbukumbu zake. Aliendelea kushuka, akilisubiri jiwe.

Ko.

Alisimama. Sauti ilitoka kwenye bomba.

Ko. Ko... Ko-ko.

"Hewa," alisema kwa sauti, kujituliza. Maji yakirudi kwenye bomba tupu husukuma hewa mbele yake, na hewa hugonga. Kila fundi anajua. Lakini hewa hugonga ovyo, na hii iligonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua. Iligonga, ikazidi, ikaharakisha.

Kisha, kutoka upande wa kushoto, ndani ya weupe...

"Oooi!"

Sauti ya mwanamume. Kijana, mchangamfu, anayevuta mwisho wa neno kama anayetaka kuimba. Si sauti ya Mnene. Fundi hakuijua. Akawaza: nani tena amepanda leo? Labda mkuu wa idara ametuma mtu amsaidie, mgeni asiyejua mlima. Kushoto kuna magenge. Hatua mbili tu mbaya na mtu huyo amekwisha.

Bomba likagonga kwa nguvu mpaka likatetemeka chini ya kiatu chake.

"Oooi!"

Jiwe jeupe hajalipita. Basi bado yuko mlimani. Na mlimani, mtu huitika.

"Nipo!" Fundi alipaza sauti. "Nipo hapa, kwenye bomba! Simama hapo hapo, usisogee!"

Bomba likanyamaza.

Kila kitu kikanyamaza.

Halafu ikaja harufu. Haikuwa ya samaki wala ya matope. Ilikuwa ya chumba kilichofungwa muda mrefu, nguo za mtu zikiwa bado zimetundikwa humo. Fundi alirudi nyuma hatua moja, na kiatu chake kikaingia kwenye kitu baridi. Akainama kutazama.

Maji. Mawimbi madogo ya ziwa yalikuwa yanalamba kisigino chake.

Alifungua mdomo aseme, "Mungu wangu." Mdomo ulifunguka, ulimi ukasogea, pumzi ikatoka. Sauti haikutoka. Alijaribu tena. Alikohoa, na hata kikohozi kilikuwa upepo mtupu.

Mbele yake, juu ya maji, mtu akasema taratibu:

"Nipo."

Fundi aliijua sauti hiyo. Ilikuwa yake.

"Nipo hapa," ilisema, kama mtu anayejaribisha kiatu dukani. "Nipo hapa... kwenye bomba. Lala wewe. Majani hayaumi, bwana." Ikacheka kicheko chake, kile cha puani ambacho mke wake hukitania. Halafu ikasema, polepole, kwa upendo ule ule:

"Kasuku."

Na ikaanza kwenda. Aliisikia ikisogea juu ya maji, ikijisemea maneno, kuelekea mjini.

*

Alikimbia. Njia ya ziwani ni nyembamba, upande mmoja matete, upande mwingine mwamba, na ukungu ulikuwa umeijaza kama pamba kwenye mto. Alianguka, akainuka. Mbele yake sauti haikuharakisha, na hata hivyo hakuifikia. Ilikuwa inaita sasa. "Oooi!" Ikijifunza urefu wake. "Oooi!" Kila mara ilizidi kufanana na mtu anayerudi nyumbani baada ya kazi.

Taa ya kituo cha pampu ilijitokeza. Mlangoni alisimama mlinzi wa pampu, mzee aliyejulikana mji mzima kwa jambo moja: hakuwa anaongea. Bubu, walisema, tangu ugonjwa fulani wa ujanani. Mkononi alishika kipande cha nondo, na kwenye bomba kubwa linaloingia kituoni rangi ilikuwa imebanduka, chuma kinang'aa pale alipolipiga.

Mzee alimtazama Fundi usoni. Fundi alifungua mdomo ukabaki wazi, mtupu. Nondo ilianguka. Mzee akaketi pale pale kwenye zege, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika.

Hakukuwa na muda wa kumwelewa. Karibu na kituo simu hupata mtandao, na Fundi alikuwa ameshaitoa. Alibonyeza jina la mke wake. Ikaita. Ikaita.

"Hallo?"

Alipuliza hewa kwenye simu. Aligonga kioo kwa ukucha. Alitoa machozi.

"Hallo? Wewe! Huu ni mchezo gani sasa? Unanipigia simu na huku nakusikia hapo konani unapiga kelele?" Mke wake alikuwa anacheka. Cherehani ililia kidogo, ikasimama. "Haya, huyo mwanao ameshatoka mbio, hata kandambili hajavaa. Mwambie nitamchapa."

Na nyuma ya sauti ya mke wake, mbali, dirishani, Fundi alijisikia mwenyewe akiita:

"Oooi!"

"Nipo!" Kasuku akajibu.

Simu ikakatwa.

Akaandika. Vidole vilikuwa vimelowa, herufi zikaruka, akafuta, akaandika tena: SI MIMI MSHIKE. Akatuma. Akapiga tena, ikaita bila kupokelewa. Akakimbia huku inaita, ikakatika, akapiga tena. Mkewe, kama kawaida yake, alikuwa ameitupa simu kwenye rundo la vitambaa na kwenda jikoni kupasha chakula, kwa kuwa mume amerudi.

Alipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na taa inawaka. Mke wake alitokeza, mwiko mkononi.

"Mmechelewa wapi tena? Umepitia..." Akatazama nyuma yake. Akatazama mikono yake mitupu. "Yuko wapi?"

Fundi alionyesha ziwani.

"Yuko wapi mtoto? Si umemwita mwenyewe? Si nimekusikia? Sema basi! Mbona husemi?"

Alimshika mkono, wakashuka wote wawili. Ufukweni mke wake aliita kwa nguvu zote za kifua chake, "Kasuku! Rudi! Rudi hapa!"

Na kutoka kwenye weupe, mahali ambapo hakuna njia, ambapo ni maji tu, mtoto alijibu akiwa na furaha.

"Nakuja, mama! Nakwenda kidogo na baba!"

Mama akamgeukia baba, aliyesimama hapo pembeni yake.

Fundi aliingia majini mpaka kifuani. Alipiga makofi, alipiga maji, alipiga kifua. Mtu mwenye sauti angesema, "Huyo si mimi, mwanangu, simama." Maneno manne matano tu. Aliyasema yote. Midomo yake iliyasema mara nyingi mno mpaka ikapasuka, na hakuna aliyeyasikia.

*

Walimtafuta. Mitumbwi ilizunguka ziwa, wapiga mbizi walizama, polisi walikuja na mbwa. Hawakupata hata kipande cha nguo. Majirani waliulizwa nani alimwita mtoto, na wote, kila mmoja kwa wakati wake, walisema kweli yao: baba yake. Tulimsikia kwa masikio yetu. Fundi alikaa kituo cha polisi siku kadhaa akiandika kwenye simu yale yaliyotokea, askari wakayasoma, wakatazamana. Daktari alimulika koo lake, akasema ni zima, halina tatizo. Mwishoni walimwachia. Hakukuwa na mwili, na mke wake aliapa kwamba mumewe alisimama ufukweni pamoja naye wakati mtoto anajibu. Kiapo hicho kilimsaidia Fundi mbele ya polisi. Kwa majirani kilifanya mambo yawe mabaya zaidi.

Mnene alikuja, shavu limepungua, akasoma maelezo yote kwenye simu. Akauliza jambo moja.

"Hiyo sauti ya kwanza. Ilikuwaje?"

Fundi akaandika: kijana. mchangamfu. anavuta mwisho.

Mnene akamrudishia simu. "Mlinzi wa pampu alikuwa fundi kabla yetu," alisema. "Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Alikuwa anaimba kazini. Alikuwa anaita hivyo hivyo."

Walikwenda wote wawili kumwona. Mzee aliwapokea, akawakalisha, na alipoulizwa kama sauti ile ya kwanza ilikuwa yake aliinamisha kichwa kukubali. Alipoulizwa ni kitu gani kile, akanyanyua mabega. Alipoulizwa kama kuna namna ya kukirudisha kilichochukuliwa, alimshika Fundi mkono na hakuuachia mpaka walipoaga. Hilo ndilo lililopatikana. Sauti ya kijana yule anayevuta mwisho haikusikika tena ziwani, wala ile ya Fundi, kana kwamba kila mpya inayochukuliwa inaizima ya kabla yake.

Iliyosikika ilikuwa ya Kasuku.

Kila ukungu ulipogusa maji jioni, ilianza. "Oooi!" Karibu na matete. "Oooi!" Karibu na gati. Mji mzima ulijua sasa, na mji mzima ulifunga madirisha na kufungulia redio. Watoto walichapwa kwa kumwitikia mtu yeyote, hata mwalimu. Watu walihama mtaa ule mmoja mmoja, kwa visingizio vya kazi na harusi, na hakuna aliyewalaumu.

Fundi na mke wake hawakuhama.

Mke hakuondoa cherehani dirishani. Na Fundi, jioni za ukungu, alikaa nyuma ya kiti chake, mkono mmoja begani kwake na mwingine tayari. Sauti ilipoanza, aliweka kiganja mdomoni mwa mkewe. Mke hakubisha. Machozi yake yalipita juu ya vidole vya mumewe, na hivyo ndivyo walivyomsikiliza mtoto wao.

Mwanzoni waliogopa tu. Baadaye mama aligundua kitu, akakisema asubuhi akiwa ameshika kikombe.

"Sauti inakua."

Fundi alikuwa ameshalisikia hilo, ila hakuwahi kuliandika. Ulikuwa ni ukweli. Ile sauti nyembamba ya mtoto wa darasa la kwanza ilikuwa imenenepa. Miaka ikapita, ikawa ya binti wa kupewa ufunguo wa nyumba. Ikapita tena, ikaanza kuvunjika na kutulia kama sauti za wasichana wanapokua. Mama alianza kumshonea. Alisikiliza dirishani, akafumba macho, akakadiria mabega na urefu, kesho yake akakata kitambaa. Magauni yalijaa kabatini, kila moja kubwa kuliko lililotangulia, hakuna lililovaliwa.

"Anayekua yuko hai," alimwambia Fundi. "Au mimi ni mjinga?"

Fundi mwenyewe alikuwa anaamini hivyo hivyo, na aliogopa kuamini.

Kisha jioni moja mwito ulibadilika.

Haikuita "Oooi". Ilikuja mpaka chini kabisa ya nyumba, konani, ikasimama. Sauti ya mwanamke kijana, iliyochoka.

"Mama?"

Mwili wote wa mke wake ulishtuka chini ya mkono wa Fundi.

"Mama, upo?"

Alikaza kiganja. Aliweka na cha pili juu yake. Mkewe hakupambana. Aliinua mikono yake yenye alama za sindano, akavishika vidole vya mumewe, akaanza kuviondoa kimoja kimoja, kwa upole, kama anavyofumua mshono ulioshonwa vibaya. Fundi alitikisa kichwa. Alilia, akatikisa kichwa.

"Amekaa huko na baba yake wa uongo miaka yote hii," alimnong'oneza. "Hana mama. Angalau nimpe hicho."

Fundi alikuwa na la kumwambia. Alikuwa nalo tayari, lote, kwenye ulimi: anayeita hajapotea, mke wangu, anayeita hajapotea.

"Nipo, mwanangu!" mama akaitika.

Ile harufu ya nguo zilizotundikwa ikaingia chumbani, ikakaa kidogo, ikatoka.

Mke wake alimgeukia. Midomo yake ilisema kitu. Akagusa koo, akatikisa kichwa taratibu, na kwa kweli alitabasamu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipa na sasa alingoja alichokinunua. Akalisukuma dirisha mpaka mwisho. Wakainama wote wawili, bega kwa bega, kuwasikiliza mama na mtoto wakikutana.

Nje, chini konani, sauti ya mke wake ilijaribu neno. "Nipo." Ikalijaribu tena. Halafu ikaanza kuondoka kuelekea ziwani, ikiita njia nzima, kwa ule mvuto wake wa kumwita mtu aje kula kabla chakula hakijapoa.

"Kasuku! Upo?"

Walisubiri.

"Kasuku! Kasuku, upo?"

Ilipita kwenye gati. Ilipita kwenye matete. Ilifika mbali juu ya maji, ikarudi, ikaita tena, jioni ile na kila jioni ya ukungu baada yake, na wao wakawa dirishani kila mara, wameshikana mikono, wakitega sikio. Hakuna aliyeitika.